Nipo mji mdogo, napenda stori za kutisha toka utoto, nitafikaje kuwa mwandishi?

Swali: Shikamoo kaka. Mi ni binti wa miaka 23, nipo Makambako, nakaa mapokezi kwenye gesti moja karibu na stendi. Toka mdogo napenda stori za kutisha, bibi alikuwa anatusimulia tukiota moto mpaka tunaogopa kwenda chooni. Sasa naandika, naposti WhatsApp vipande vipande ila watu wanacheka badala ya kuogopa. Mama anasema naita majini nyumbani. Nasikia Stephen King wa Marekani naye alitokea kamji kadogo, yeye alifanyaje? Na mtu wa huku anaweza kweli au mpaka nihamie Dar? Nimekutumia mwanzo wa stori yangu, "Bibi wa Macho Mekundu". Halafu kuna jamaa anataka laki tano anichapie kitabu, nimpe?

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Kurasa zote ulizotuma nimezisoma, mara ya pili nikazisoma kwa sauti maana mi ndo nnavohariri riwaya, na nitakwambia nilichokiona, ila ngoja nianze na King kwa sababu umemuulizia na kwa sababu safari yake watu wanaisimulia kwa kuruka. Wanasema alikuwa mtoto anapenda mambo ya kutisha, akakua, akaandika riwaya ya Carrie, akatajirika. Hapo katikati wameruka miaka karibu ishirini, na hiyo miaka ndo unayoihitaji wewe.

King kazaliwa 1947 Portland, jimbo la Maine, kule juu kabisa kaskazini mashariki mwa Marekani, baridi, misitu, watu wachache. Akiwa na miaka miwili baba yake aliondoka nyumbani na hakurudi tena. Mama akabaki na wavulana wawili, Stephen na kaka yake David, akawa anahama nao mkoa hadi mkoa akifuata vibarua na ndugu wa kumsitiri, mara anapiga pasi kwenye kiwanda cha kufulia, mara zamu ya usiku kwenye bekari, mara muuza duka. Darasa la kwanza karibu lote mtoto aliumwa, surua, koo, masikio, akawa yuko kitandani na magazeti ya katuni. Akawa anayanakili, neno kwa neno, anaongeza na lake kidogo. Siku akampelekea mama yake moja, mama akafurahi sana, akauliza umetunga mwenyewe? Mtoto akasema hapana, nimenakili. Mama akamwambia wewe andika yako, ya kwako itakuwa nzuri zaidi. Akaandika kuhusu sungura na wanyama wenzake wanaozunguka na gari, mama akasoma, akacheka, akampa senti 25 kwa kila stori, zilikuwa stori nne. Hiyo ndo hela yake ya kwanza ya uandishi, imetoka kwa mama ambaye hana hela.

Nimelisema hili kwa ajili ya mama yako pia, nitarudi huko.

1958 wakahamia Durham, huko huko Maine, ndo hako kamji unakosikia. Hata kukaita mji ni kukapa heshima tu, ni kijiji cha mashamba, mama alirudishwa pale na ndugu zake ili awatunze wazazi waliozeeka, na malipo yake yalikuwa chakula na nguo walizomaliza kuvaa wenzake. Choo cha nje, kisima kinakauka kiangazi. Unaona hapo hakuna cha ajabu ambacho wewe hujakiona. Na ndugu wa mama yake alikuwa na stoo juu kwenye dari, siku King akapanda akakuta boksi la vitu vya baba yake, ndani kuna vitabu vya kutisha, kimojawapo hadithi za Lovecraft, mwandishi wa zamani wa stori za kutisha wa Marekani. Baba huyo huyo aliyewakimbia naye alikuwa akijaribu kuandika stori, akituma kwenye magazeti yanamrudishia. King anasema kile kitabu ndo kilimuonesha kwamba haya mambo yanaweza kuandikwa na mtu mzima aliyeyachukulia kwa uzito kabisa. Wewe bibi yako kakupa hicho kitu bila boksi, kakupa akiwa hai na sauti yake. Usiione ndogo hiyo.

Jumamosi alikuwa anaomba lifti kwenda mji wa Lewiston kuangalia sinema za kutisha, ukirudi ukiwahi kupata lifti ni bahati, ukikosa unatembea. Siku moja kaona sinema ya 1961 iliyotokana na hadithi ya Edgar Allan Poe, akaja nyumbani akaiandika yote kwa maneno yake, kaka yake alikuwa na mashine ya kudurufu kwa ajili ya kigazeti chao cha mtaa, wakatoa nakala, akazipeleka shule, akauza senti 25 moja. Mpaka muda wa kula ziliisha karibu zote. Mchana akaitwa ofisini, mwalimu mkuu akamwambia shule siyo soko, rudisha hela za watu. Hilo sawa. Kilichomuuma ni la pili, mwalimu alimuuliza kwanini una kipaji halafu unakipoteza kwa takataka hizi? King kaandika kwamba hakuwa na jibu, na aibu ile alikaa nayo miaka mingi sana, mtu mzima, vitabu vimeuzwa, bado anasikia aibu kuwa anachoandika ni takataka. Mwaka 2003 taasisi inayotoa Tuzo ya Taifa ya Vitabu Marekani ikampa medali ya mchango wake kwenye fasihi, na bado siku ile kuna wasomi walilalamika.

Kwahiyo wanaokucheka, mdogo wangu, hutawamaliza. Ila wanaocheka kwa sababu stori haijawashika, hao wana jambo la kukufundisha na tutalizungumza.

Miaka hiyo hiyo alianza kutuma stori kwenye magazeti. Alipigilia msumari ukutani, kila karatasi ya kukataliwa ikirudi anaichomeka pale. Ya kwanza ilitoka kwenye gazeti la hadithi lenye jina la Alfred Hitchcock, yule wa sinema, na chini yake kuna mtu kamwandikia kwa mkono, akamwambia tu asibane karatasi kwa pini, atumie klipu. Hakuna hata neno moja kuhusu stori yenyewe. Alipofika miaka 14 msumari ukashindwa kubeba uzito, akang'oa akaweka mkubwa zaidi, akaendelea. Napenda sana hicho kipande kwa sababu hakuna ushujaa ndani yake, ni kijana tu kabadilisha msumari. Stori ya kwanza kulipwa na gazeti la kweli ni 1967, yuko chuo kikuu cha Maine kule Orono, dola 35.

Kabla ya hapo kuna kitu kilimpata sekondari pale Lisbon Falls, na mimi kama mhariri naona hapa ndo alipogeuka kutoka mpenzi wa stori kuwa mwandishi. Alitoa kigazeti cha kuwakejeli walimu, akaadhibiwa, halafu shule ikamtafutia kazi kwenye gazeti la pale mjini linalotoka kila wiki, aandike michezo. Mhariri alikuwa John Gould, malipo nusu senti kwa neno. King akaleta habari ya mechi ya kikapu, Gould akachukua kalamu nyeusi akaanza kukata mbele yake. Kata hapa, kata pale, sifa zote za kumpamba mchezaji zikaenda, habari ikabaki imesimama. King anasema alisoma fasihi miaka mingi darasani lakini dakika zile kumi alijifunza zaidi. Gould akamwambia, kwa maelezo yangu mimi, kwamba ukiandika mara ya kwanza unajisimulia mwenyewe, ukirudia kazi yako kubwa ni kutoa kila kisicho stori. Na akamwambia andika mlango umefungwa, rekebisha mlango ukiwa wazi.

Sasa angalia unachofanya wewe, unaandika mlango ukiwa wazi toka sentensi ya kwanza. Unaposti sehemu ya kwanza saa mbili usiku, komenti zinakuja, mtu anasema ongeza mapenzi, mwingine anasema mbona jini halijatokea, kesho yake jini limetokea, kesho kutwa jini lina mapenzi. Stori haikuwahi kuwa yako hata siku moja. Najua WhatsApp ndo gazeti letu siku hizi na kuna watu wanapata hela ya bando na zaidi kwa kuuza vipande, siwabezi hata kidogo, stori za mfululizo ni utamaduni wetu toka enzi za magazeti. Ila maliza kwanza, yote, mpaka mwisho, ndo uanze kukata vipande uposti. Msomaji atapata hamu ile ile, na wewe utakuwa unajua mwisho wako uko wapi.

Haya tuje kwenye kurasa zako. Unaanza hivi: "Usiku wa manane wenye giza totoro, radi zikipiga, bibi kizee mwenye macho mekundu alitokea ghafla huku damu zikimchuruzika mdomoni." Sentensi moja umetoa usiku, giza, radi, bibi, macho, damu, ghafla. Umemaliza duka lote. Msomaji bado hajajua yuko nyumba ya nani, nani anaogopa, na huyo anayeogopa alikuwa anafanya nini dakika moja kabla, sasa atamuogopea nani? Ndo maana anacheka. Hofu haianzi na jini, inaanza na mtu ambaye tayari tunampenda au tunamjua, yuko kwenye shughuli zake, halafu kitu kimoja tu hakiko sawa.

Na we umekaa juu ya hazina. Umeniandikia kwa mstari mmoja, kwa kupita, kwamba unakaa mapokezi gesti karibu na stendi. Makambako! Njia panda ya Mbeya, Iringa na Songea, malori ya Zambia yanapita usiku kucha, reli ya TAZARA inapita, baridi ya mwezi wa sita inaingia mpaka kwenye mifupa, watu wanalala usiku mmoja na hutawaona tena maishani. Mtu wa Dar angelipa hela ili ajue unachokijua kuhusu usiku wa gesti, kitabu cha wageni, funguo zenye kipande cha mbao, mgeni anayeomba ndoo ya maji ya moto, dereva anayelipia chumba halafu analala kwenye lori lake. Halafu wewe umeacha yote hayo umeenda kuandika radi.

Fikiria hivi, nakupa bure. Dada wa mapokezi anaingia zamu ya asubuhi, anapokea funguo, anahesabu mashuka, anafungua kitabu cha wageni aone vyumba vilivyolala watu. Chumba namba 4 kimeandikwa jina la baba yake. Baba yake alizikwa miaka mitatu iliyopita. Anasema majina yanafanana, sio ajabu. Ila mwandiko ni wa baba yake, ile K yenye mkia mrefu unaoshuka mpaka mstari wa chini, na pale kwenye "anakotoka" ameandika jina la kijiji chao, na kwenye "anakokwenda" ameandika "nyumbani". Amelipia siku mbili. Dada anamuuliza mwenzake wa usiku alikuwa mtu wa namna gani huyu, mwenzake anasema mzee mmoja mpole, alikuulizia.

Hakuna damu hapo. Hakuna radi. Na hakuna mtu wa kuandika hiyo vizuri kuliko wewe kwa sababu unajua kitabu cha wageni kina mistari gani.

King alipitia njia hiyo hiyo. Kabla ya chuo alifanya kazi kiwanda cha nguo pale Lisbon Falls, kuna watu walipewa kazi ya kusafisha chini ya kiwanda wakati wa likizo, yeye hakwenda, ila akasikia wenzake wakisimulia panya waliowakuta huko wana ukubwa wa paka. Akaibeba ile. Baadaye akaiandika akaiuza kwa gazeti la wanaume, dola 200, hela kubwa kwa mtu aliyekuwa anapata dola 1.60 kwa saa kwenye kiwanda cha kufulia mashuka. Maana alipomaliza chuo 1970 hakupata kazi ya ualimu mara moja, akaenda kufua. Mashuka ya hospitali, vitambaa vya meza vya mahoteli ya samaki vinavyofika vikiwa vimeshaanza kutoa funza. Ameshaoa, ameoa Januari 1971, mke wake Tabitha Spruce naye mwandishi, walikutana chuo, naye anafanya kazi kwenye duka la maandazi, watoto wawili. Mwisho wa 1971 akapata shule, Hampden Academy, dola 6,400 kwa mwaka, wanakaa kwenye nyumba ya trela, simu imekatwa kwa kukosa hela. Anaandikia kwenye chumba kidogo cha mashine ya kufulia, mashine ya taipu ni ya mke wake, meza ni ya mtoto, anaiweka mapajani. Mtoto akiugua sikio, stori ikiuzwa ndo dawa inapatikana. Sikwambii haya ili uone umaskini ni mzuri, siyo mzuri, unakula muda na nguvu. Nakwambia ili ujue kwamba hakuwa na mahali maalum pa kuandikia.

Sasa Carrie. Hapa nitakaa kidogo maana panahusu bibi yako wa macho mekundu moja kwa moja.

Kiangazi kimoja King na kaka yake walifanya usafi kwenye shule fulani, siku moja King akaingia bafu za wasichana kutoa kutu ukutani. Akaona kule kuna mapazia, za wavulana hazina. Akakumbuka. Miaka ikapita, akaja kusoma kwenye gazeti la Life kwamba labda kuna watu wanaoweza kusogeza vitu kwa akili, hasa wasichana wanaovunja ungo. Vitu viwili vikakutana. Akaandika kurasa tatu, msichana anapata hedhi ya kwanza bafuni shuleni hajui ni nini, wenzake wanamzomea. Akaona haiendi popote, hampendi huyo msichana, hajui maisha ya wasichana, akazikunja akatupa. Tabitha akazikuta kwenye pipa, akakung'uta majivu ya sigara, akazinyoosha, akasoma, akamwambia endelea, nataka kujua kinachofuata, ya wasichana nitakusaidia mimi.

Ili aendelee ilibidi akumbuke wasichana wawili aliosoma nao. Mmoja alikuwa anavaa sketi ile ile na blauzi ile ile kila siku, blauzi mpaka ikawa ya njano, wenzake wanamcheka. Siku akarudi likizo ya Krismasi kavaa nguo mpya, katengeneza nywele, anang'aa, anafikiri sasa yameisha. Siku ile wakamcheka kuliko siku zote. King alikuwepo, aliona uso wake unavozimika. Wa pili alikuwa anakaa na mama yake, ana kifafa, King alienda kwao kuhamisha samani akakuta sebuleni kuna msalaba mkubwa, Yesu ana ukubwa wa mtu kabisa. Wote wawili walishafariki alipoanza kuandika. Basi ukikisoma kile kitabu, kinachokubana kifua siyo vile vitu vinavyosogea vyenyewe, ni hao watoto wanaomzomea mwenzao na wewe msomaji unajua ungekuwepo ungenyamaza.

Rudi kwa bibi yako. Mdogo wangu, nchi yetu imeua bibi wengi kwa macho mekundu. Shinyanga, Mwanza, Tabora, kule kote, vikongwe wamekatwa mapanga wakiitwa wachawi na "dalili" ilikuwa macho, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe waliyopikia maisha yao yote kulisha familia hizo hizo. Ukiandika bibi mwenye macho mekundu ni mchawi kweli, umempa panga mtu ambaye tayari anatafuta sababu. Hili nalisema kwa waandishi wote nnaofanya nao kazi na sitaacha kulisema. Sikukatazi bibi. Nakuomba ugeuze kamera. Huyo bibi yuko ndani, anapuliza moto, moshi unamuingia machoni, mjukuu wake kafa wiki iliyopita kwa homa na yeye ndo aliyemlilia kuliko wote. Kwenye mazishi kuna watu hawakumpa mkono. Usiku anasikia pikipiki mbili zinapanda kilima, zinazimwa kabla ya kufika. Anazijua sauti za wanaoteremka, mmoja alimlea. Hapo mimi siwezi kulala, na jini hajafika. Ukitaka jini afike baadaye, afike, lakini aje upande wa bibi.

Ukiuliza kama mambo yetu ya huku yanafaa, nenda kaangalie King alifanya nini baada ya Carrie. Alikuwa anafundisha Dracula shuleni, kitabu cha 1897, siku wakiwa mezani wakawa wanajiuliza yule mnyonya damu akija Marekani ya leo itakuwaje. Kwenye jiji kubwa angegongwa na teksi. Ila akitua kijiji cha Maine, ambako kila mtu ana siri yake na hakuna anayemjali jirani akipotea siku mbili? Ikatoka Salem's Lot, 1975. Yaani kachukua zimwi la Ulaya kalileta kijijini kwao, na kijiji ndo kikawa mhusika mkuu. Sisi hatuhitaji hata kuagiza kutoka nje. Tuna mumiani, wanaotembea usiku kuchukua damu za watu, uvumi uliozunguka Afrika Mashariki yote toka wakati wa mkoloni. Tuna popobawa, 1995 Pemba na Unguja watu walilala nje kwa makundi, wamewasha moto, wazima kabisa, kwa kumuogopa. Tuna kinyamkera, chunusi, wanga. Ila usimlete popobawa kwa sababu ni maarufu, yeye ana kwao na watu wa kwao wana stori yao naye, wewe mtafute wa kwenu ambaye bibi yako alimtaja kwa kushusha sauti. Huyo ndo wako. Kama bibi yupo hai kaa naye umrekodi kwenye simu, kwa ruhusa yake, na sikiliza zaidi pale anaponyamaza au anaposema "hayo tuyaache".

Mama yako anasema unaita majini. Usibishane naye, na usimfiche. Msomee ile ya kitabu cha wageni ukishaiandika, msomee jikoni akiwa na kazi mikononi. Ataona umeandika habari ya mtu anayemkumbuka baba yake. Mama wengi wa dini nnaowajua hawaogopi hadithi, wanaogopa mtoto wao kupotea, na ukiwaonesha unaandika nini wanatulia kiasi. Kama bado ataona vibaya, mheshimu, endelea kuandika kazini zamu ya usiku. Mama yake King alifariki kwa kansa kabla Carrie haijatoka Aprili 1974. Ila taarifa kwamba kimenunuliwa alizipata. Kampuni ya Doubleday ilimlipa dola 2,500, wakatuma telegramu maana simu hakuna, halafu Mei 1973 haki za toleo la jalada laini zikauzwa dola 400,000, nusu ikawa ya King. Siku ile mke hayupo nyumbani, King akatoka kumtafutia zawadi, maduka karibu yote yamefungwa, akarudi na mashine ya kukaushia nywele. Mtu ana dola laki mbili kanunua mashine ya nywele.

Dar usihamie kwa ajili hii. Kama una sababu nyingine nenda, ila kwa uandishi kaa hapo hapo. King mwenyewe alipopata hela alizunguka kidogo halafu akarudi Maine, akanunua nyumba Bangor, na vitabu vyake vingi bado vinatokea miji ya huko aliyoibuni, Castle Rock, Derry. Unachokosa ukiwa Makambako ni watu wa kukukosoa na vitabu vya kusoma, na hivyo vinatafutika. Mtafute mtu mmoja, mmoja tu, anayesoma sana na asiyekuonea haya, awe Tabitha wako wa kuokota karatasi na Gould wako wa kukata. Sio group zima. Na usome, usome riwaya za Kiswahili hata zisizotisha. Anza na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya 1960, jina linatisha ila ndani ni upelelezi, uone mtu anavyomchelewesha msomaji bila kumchosha. Halafu Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, uone mzimu unavoweza kumtesa kiongozi kuliko polisi yeyote.

Ukishaimaliza stori, iweke wiki mbili usiifungue. Ukirudi, kata. King katika moja ya karatasi zile za kukataliwa aliandikiwa kanuni, rasimu ya pili iwe ya kwanza toa asilimia 10, na anasema ilibadilisha namna yake ya kurekebisha kabisa. Kwako anzia na "ghafla" zote, na kila "mithili ya", na radi. Riwaya ikiwa kamili kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ipo chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kuna na tuzo ya Safal iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, zote zinapokea miswada ya Kiswahili, fuatilia matangazo yao na usome masharti mstari kwa mstari.

Na huyo jamaa wa laki tano, usimpe, angalau sio sasa. Mchapishaji wa kweli anawekeza hela yake kwenye kitabu chako halafu anakulipa mrabaha, yaani fungu lako la mauzo. Huyo anayetaka hela kwako ni mtu wa kuchapa, sio dhambi, watu wengi wanachapisha wenyewe na wengine wanauza vizuri tu, ila basi mtendee kama fundi, muulize laki tano ni nakala ngapi, karatasi gani, nani anahariri, nakala zinakaa kwako au kwake, haki inabaki ya nani, na akuandikie. ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, hiyo unaweza kuomba mwenyewe. Asipojibu hayo kwa maandishi, laki tano yako iweke ununue laptopu iliyotumika, na stori uliyonayo saizi bado haijafika kwenye hatua ya kuchapwa hata ingekuwa bure. Ya kitabu cha wageni ndo inaweza kufika.